Sifuri na Tupu: Historia Fupi ya Ushuru wa Sola

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na sababu ni kazi. Duka moja la vifaa vya sola hapa Eldoret, ambalo nililiandikia programu ya stoku na bei mwaka wa 2011, limeniita niihamishie programu hiyo kwenye kompyuta mpya. Sasa niambieni, nani hupenda kusoma msimbo alioandika mwenyewe miaka mingi hivyo iliyopita? Ni kama kusoma barua zako za mapenzi za shule ya upili. Unasoma huku umefunika uso.

Lakini katikati ya aibu hiyo nilikuta kitu kilichonifanya nisimame. Ndani ya faili moja, juu ya hesabu ya kodi, nilikuwa nimejiandikia vidokezo, kimoja kila mara sheria ilipobadilika. Vinasomeka hivi (nimeondoa matusi tu):

- 2011: sola haina VAT.
- Septemba 2013: sola 16%.
- Katikati ya 2014: sola haina tena.
- Julai 2020: sola 14%.
- Januari 2021: sola 16%.
- Julai 2021: sola haina.
- Julai 2023: betri za sola kiwango cha sifuri. ULIZA: sifuri ni sawa na haina?
- Agosti 2024: usiguse kitu, ngoja mahakama.

Bila kukusudia nilikuwa nimeandika historia ya kodi ya sola nchini Kenya, mistari minane. Basi leo nataka tuipitie historia hiyo pamoja, tuanze hata kabla ya mstari wa kwanza, kwa sababu kuna swali ambalo watu hapa mjini huniuliza kila mara wakijua nafanya kazi na maduka ya sola: mbona hatutengenezi hizi paneli wenyewe, na je, serikali ikiziwekea ushuru zile za kutoka China, si tutatengeneza zetu? Mimi si mwanauchumi. Ni mtu wa kompyuta. Lakini kitabu cha ushuru ni programu kama programu nyingine, na ukikisoma kama programu utaona mahali ilipokosewa.

Hasara ya Septemba

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa naandika programu ile, mzee mwenye duka aliniambia, "Kijana wangu, vitu vya sola havina VAT. Nyaya na balbu za stima ndizo ziko nayo." Nikaandika hivyo hivyo ndani ya msimbo: kama bidhaa ni ya sola, usiongeze kitu. Sikuweka jedwali, sikuweka tarehe. Nilidhani kitu kama hicho hakibadiliki.

Agosti 2013 duka likaipa bei shule moja ya bweni: paneli, betri, inveta na kidhibiti chaji. Mali hiyo ilikuwa imelikosti duka shilingi 400,000. Bei kwa shule ilikuwa 445,000, na karatasi ikasema itasimama kwa siku 60. Tarehe 2 Septemba 2013 Sheria mpya ya VAT ikaanza kufanya kazi, na vifaa vya sola vikaingia kwenye 16%. Shule ikaleta pesa mwezi huo huo, na programu yangu ikatoa risiti bila kodi, bila wasiwasi wowote.

Mhasibu ndiye aliyegundua. Kwa kuwa kodi haikutajwa kando, ilihesabiwa kwamba imo ndani ya zile 445,000. Gawanya kwa 116, zidisha kwa 16: shilingi 61,379 ni za serikali. Zilizobaki ni 383,621, na mali ilikuwa ya 400,000. Faida ya 45,000 ikageuka hasara ya zaidi ya 16,000, kabla hata ya kumlipa fundi na gari.

"Sasa hii mashine yako haikujua?" mzee aliniuliza.

"Mashine inajua kile nilichoiambia tu, mzee."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ni wewe hukujua." Sikuwa na jibu. Niliitengeneza programu ile bila malipo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma bajeti kila Juni kama watu wengine wanavyosoma kurasa za michezo.

Kabla ya mstari wa kwanza

Sola ya Kenya haikuanza na mradi mkubwa wa serikali. Katikati ya miaka ya 1980 Harold Burris, mhandisi kutoka Marekani, alikuwa akiuza na kufunga mitambo midogo ya jua mashambani kupitia kampuni yake iliyoitwa Solar Shamba. Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea wa Peace Corps katika shule ya upili ya Karamugi, upande wa Meru, alishirikiana naye kuweka stima ya jua shuleni, na mafundi wakafunzwa kazi hiyo papo hapo. Mafundi hao wakaenda kufungia walimu, wakulima wa kahawa na majani chai, watu wenye mshahara au bonasi lakini wasio na nguzo ya stima karibu.

Mwaka wa 1986 serikali iliondoa ushuru wa forodha kwenye paneli. Hilo peke yake halikuunda soko, lakini lilikuja wakati mafundi wapo na wateja wapo. Mwaka wa 1996 watafiti Richard Acker na Daniel Kammen walichapisha makala kuhusu soko hilo na kuliita mapinduzi ya kimyakimya. Walichoshangaa ni kwamba watu walikuwa wananunua kwa pesa zao, dukani, bila kungoja msaada. Kwa kawaida ilikuwa paneli ndogo ya wati 12 hivi, betri iliyofanana na ya gari, taa mbili tatu, na televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe. Wale waliokulia huku kwetu wanakumbuka: boma lenye paneli ndilo lilikuwa stadiamu ya kijiji.

Angalia sasa ni sekta gani ilikua hapa nchini. Paneli zilitoka nje. Lakini betri nyingi zilitengenezwa Nairobi, na kampuni ileile iliyokuwa ikitengeneza za magari, Associated Battery Manufacturers, ambayo chapa yake ya Chloride Exide kila mtu anaijua. Taa, vidhibiti chaji na mabano ya kushikilia paneli vilianza kutengenezwa hapa. Na juu ya hayo yote kulikuwa na fundi, muuzaji na mwenye pikapu. Ukisema "sekta ya sola ya nyumbani" ukimaanisha kiwanda cha paneli peke yake, umewasahau hawa wote, na ndio wengi.

Lango lililo wazi lilikuwa na ubaya wake pia. Mwaka wa 2002 Richard Duke, Arne Jacobson na huyo huyo Kammen walichapisha matokeo ya kupima paneli zilizokuwa zikiuzwa Kenya. Chapa fulani zilitoa wati chini kabisa ya zile zilizoandikwa mgongoni. Mkulima alilipia wati 12 akapata pungufu, na hakuwa na mita ya kumwambia. Ushuru wa sifuri hauulizi kama kitu ni kizima au kibovu. Kazi hiyo ni ya mtu wa viwango.

Jinsi programu ya forodha inavyofanya kazi

Januari 2005 Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi, na tangu hapo ushuru wa vitu kutoka nje ya Jumuiya huamuliwa kwa pamoja. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleweka, ngazi yenye vidaraja vitatu: malighafi 0%, bidhaa iliyotengenezwa nusu 10%, bidhaa iliyokamilika 25%. Julai 2022 kikaongezwa kidaraja cha nne cha 35% kwa baadhi ya bidhaa. Nia ni nzuri. Ukileta kitambaa ukashona shati hapa, ulipe kidogo. Ukileta shati limeshonwa tayari, ulipe zaidi.

Uzito wa vidaraja hivyo unaonekana ukipanga hesabu. Tuseme mzigo umefika Mombasa na thamani yake pamoja na nauli na bima ni shilingi 100. Ushuru wa 25% unaifanya 125. Kisha VAT ya 16% haihesabiwi juu ya 100, inahesabiwa juu ya 125, nayo ni 20. Sasa uko 145, na bado hujalipa ada ndogo ndogo kama ile ya reli iliyoanza mwaka wa 2013. Kodi juu ya kodi.

Kila bidhaa duniani ina namba yake katika kitabu cha forodha. Kwa sisi watu wa programu, hiyo ni aina ya data. Paneli ya sola iko sura ya 85, kwenye ukoo wa vifaa vya semikondakta, na huko ushuru ni sifuri. Kwa hiyo ingawa paneli ni bidhaa iliyokamilika, imetoka kiwandani tayari kufungwa paani, imekaa kwenye kidaraja cha malighafi. Ngazi imepinduliwa. Sisemi ni kosa. Ni uamuzi: nchi hizi zilitaka stima ya bei nafuu kuliko zilivyotaka kiwanda cha paneli.

Lakini sasa jaribu kuwa wewe ndiye mwenye kiwanda. Paneli ni nini? Ni seli, kioo, fremu ya alumini, plastiki ya mgongoni na kisanduku cha nyaya. Seli iko sura ya 85 pamoja na paneli, sawa. Kioo kiko sura ya 70. Alumini iko sura ya 76. Plastiki iko sura ya 39. Huko kwenye sura hizo hakuna anayejua habari za jua. Ofisa wa forodha akiona alumini anaona dirisha. Akiona kioo anaona mlango wa benki. Basi kiwanda inabidi kiombe nafuu, kitangazwe kwenye gazeti la serikali, kipewe kwa muda, kisha kiombe tena. Anayeleta paneli nzima haombi chochote, anapita tu.

Betri zina shida kama hiyo kwa upande mwingine. Sheria ya forodha ya Jumuiya inasamehe betri za kuhifadhi umeme wa jua, lakini betri haijui itafungwa wapi. Ndiyo maana msamaha hutegemea karatasi na barua. Mwagizaji mkubwa mwenye wakala Mombasa na mtu wa kufuatilia Nairobi anapata barua. Mfanyabiashara mdogo wa Eldoret hununua kutoka kwa huyo mkubwa. Nimeyaona haya kwenye stoku za maduka kwa miaka mingi: msamaha uko kwenye sheria kwa wote, lakini una nauli yake.

Naivasha

Mwaka wa 2011, mwaka uleule nilipoandika ile programu yangu, kiwanda cha kuunganisha paneli kilifunguliwa Naivasha. Kilikuwa ubia wa kampuni ya Uholanzi ya Ubbink na mwekezaji wa Kenya, na baadaye kikajulikana kwa jina la Solinc. Kilitangazwa kuwa cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki. Seli zilitoka nje, wafanyakazi wakaziunga, wakaziweka chini ya kioo, wakapima. Kililenga paneli ndogo ndogo za boma zile ambazo Kenya ilikuwa inazinunua kwa wingi.

Kilizaliwa wakati mgumu. Bei ya paneli duniani ilikuwa inaanguka kama jiwe. Mwaka wa 1977 wati moja ya seli iligharimu zaidi ya dola 70. Kufikia 2024 wati moja ya paneli nzima kutoka China iliuzwa chini ya senti 20 za dola. Mwenye kiwanda kidogo akiagiza seli leo, zikisafiri baharini, anaweza kukuta bei imeshuka kabla meli haijatia nanga.

Miaka miwili baadaye ikaja ile Septemba ya 2013 iliyonitia aibu. VAT ya 16% iliwapiga wote, wa Naivasha na wa kutoka China. Wafanyabiashara na mashirika ya sola wakalalamika, na katikati ya 2014 Bunge likarudisha msamaha. Watu wakashangilia. Mimi nikafuta 16 nikaandika 0, nikalala.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na ni kosa ambalo hata wabunge hawalizungumzii sana. Kuna njia mbili za kutolipa VAT. Njia ya kwanza ni kiwango cha sifuri: bidhaa yako ina kodi, na kodi hiyo ni 0%. Kwa hiyo VAT uliyolipa wewe kwenye stima, kodi ya jengo, mashine na vipuri, unaidai serikalini. Njia ya pili ni msamaha: bidhaa yako haimo kabisa ndani ya mfumo. Hutozi, lakini pia hudai. VAT uliyolipa inakufa mikononi mwako, unaiingiza kwenye bei.

Anayejua hifadhidata ataelewa mara moja. Sifuri ni namba. Tupu ni kisanduku kisicho na kitu. Ukijumlisha vizuri, sifuri inakupa jibu. Tupu inameza hesabu yote.

Msamaha wa 2014 ulikuwa tupu, haukuwa sifuri. Sasa fikiria paneli mbili ziko dukani Eldoret. Moja imetoka China. China ilikuwa ikimrudishia msafirishaji VAT bidhaa ikitoka nchini, 13% kwa paneli mpaka ikapunguzwa kuwa 9% Desemba 2024. Imefika Mombasa, haina ushuru, haina VAT. Imekuja imeoga. Nyingine imetoka Naivasha. Stima iliyowasha mashine za kiwanda ilitozwa VAT, ukarabati ulitozwa VAT, kompyuta za ofisini zilitozwa VAT, na hakuna wa kumrudishia. Imefika dukani na vumbi la kodi mwilini. Sheria iliyoandikwa kumpunguzia Mkenya bei ya sola ikawa inamtoza mtengenezaji wa Kenya peke yake. Ni ushuru wa kinyume: tunalinda kiwanda cha wenyewe.

Sidhani kuna mtu aliyekaa chini akapanga hivyo. Ni hitilafu tu. Lakini hitilafu inayokaa muda mrefu bila kurekebishwa inageuka kuwa sera.

Mwaka wa vidokezo vitatu

Rudi sasa kwenye orodha yangu uone 2020. Janga la korona lilipoingia, VAT ya kawaida ilishushwa kuwa 14% kuanzia Aprili. Kisha Sheria ya Fedha ya 2020 ikauondoa msamaha wa sola. Januari 2021 VAT ya kawaida ikarudi 16%, na sola nayo ikapanda. Julai 2021 msamaha ukarudishwa. Katika miezi 12 paneli ileile ilitoka kwenye tupu, ikaenda 14, ikaenda 16, ikarudi tupu.

Mwenye duka afanye nini na hali hiyo? Mzee wangu aliacha kuagiza mali nyingi kila ikikaribia Juni. Wateja nao walijifunza: "Tungoje bajeti." Fundi ambaye Mei na Juni hana kazi hajui habari za sura ya 85. Anajua tu simu haiiti.

Kisha 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliziweka betri za sola na za lithiamu kwenye kiwango cha sifuri. Hatimaye, sifuri ya kweli! Lakini Mahakama Kuu ilikuwa imeisimamisha sheria yote kabla haijaanza, Mahakama ya Rufaa ikaiachilia mwisho wa Julai 2023, Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa ikaibatilisha yote tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikaifufua tarehe 29 Oktoba 2024. Ndiyo maana kidokezo changu cha mwisho kinasema ngoja mahakama. Mimi niliandika programu ya duka, na sasa ninahitaji wakili!

Rivatex na swali la ukuta

Turudi kwenye swali la watu wa Eldoret: kwa nini tusiweke ukuta? Ushuru wa 25% au 35% kwenye paneli za nje, Naivasha ipumue.

Mji huu una haki ya kuuliza. Rivatex ilijengwa hapa miaka ya 1970, wakati vitambaa vya nje vilikuwa vimefungiwa mlango. Ilikuwa na kazi na zamu. Miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa, mitumba ikaingia, na pamoja na usimamizi mbaya kiwanda kikaanguka. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka wa 2007, na kikazinduliwa upya mwaka wa 2019. Kila familia ya zamani ya Eldoret ina mtu aliyewahi kufanya kazi pale. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa hapa kwamba bei nafuu ni jambo jema siku zote, atakutazama tu.

Nchi nyingine zimejaribu ukuta kwenye sola. Marekani ilianza kuzitoza paneli za China ushuru wa ziada mwaka wa 2012, na mwaka wa 2018 ikaweka ushuru wa 30% kwa paneli kutoka karibu kila mahali. India iliweka 40% kwenye paneli na 25% kwenye seli Aprili 2022, na viwanda vyake vya paneli vimekua kweli. Afrika Kusini iliweka 10% mwaka wa 2024. Na kuna hadithi ya jirani yetu: Marekani ilipozigeukia seli na paneli zilizotengenezwa Asia ya Kusini Mashariki, kampuni ya TOYO Solar ilijenga kiwanda cha seli Hawassa, Ethiopia, kikaanza uzalishaji mwaka wa 2025. Ushuru uliopangwa Washington ukazaa ajira Hawassa.

Lakini India ina soko la watu zaidi ya bilioni moja. Ukuta unafaa kama ndani kuna uwanja mkubwa. Kiwanda chetu kimoja hakiwezi kushusha bei kwa wingi wa mauzo ya Kenya peke yake, na paneli yenyewe siku hizi ni sehemu ndogo tu ya gharama ya mtambo. Na pima upande wa pili. Sensa ya 2009 ilikuta 1.6% ya nyumba za Kenya zikitumia sola kwa mwangaza. Sensa ya 2019 ikakuta 19.3%. Katikati hapo M-KOPA ilianza mwaka wa 2012 kuuza sola kwa malipo madogo madogo ya M-PESA, bei ya dunia ikaanguka, na lango la forodha lilikuwa wazi kwa muda mwingi. Hizo ni nyumba zilizoachana na koroboi. Ukuta wa 25% miaka ile ungezilipisha nyumba hizo, na nyingi zisingenunua.

Na hapa nje ya mji, Uasin Gishu, kuna mitambo mitatu mikubwa ya jua, Kesses, Selenkei na Cedate, kila mmoja ukiingiza megawati 40 kwenye gridi. Paneli zake zimetoka nje. Ukisimama kando ya uzio wa Kesses unaona bahari ya vioo vilivyopita Mombasa.

Maoni yangu, kwa lolote yanalostahili

Nimefikia hivi. Kenya ilichagua fundi wa paani badala ya fundi wa kiwandani, na kwa jumla sidhani ilikosea. Lakini haikulazimika kumwadhibu fundi wa kiwandani. Mambo matatu yangetosha, na hakuna hata moja linalohitaji ukuta.

Kwanza, sifuri badala ya tupu kwa vifaa vyote vya sola, si betri peke yake, na madai ya VAT yalipwe kwa wakati. Sifuri ambayo marejesho yake yanachelewa mwaka mzima ni tupu iliyovaa suti. Pili, kioo na alumini vikienda kwenye kiwanda cha paneli vipate sifuri ileile inayopata paneli nzima, kwa sheria ya kudumu, bila kuomba kila mara. Tatu, mkishaandika kiwango, kiacheni. Duka linaweza kuishi na 16%. Linaweza kuishi na sifuri. Haliwezi kuishi na namba inayobadilika mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu karatasi ya bei inatolewa leo na mali inalipiwa kesho.

Na ulinzi wa kweli kwa mkulima ni mita. Tangu 2012 Kenya ina kanuni za kuwapa leseni mafundi na wauzaji wa sola. Zikifuatwa mpaka kijijini, paneli ya uongo haitashindana na paneli ya haki, iwe ya Naivasha au ya China.

Nilimaliza kuhamisha programu Ijumaa. Safari hii kuna jedwali: bidhaa, kiwango, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Nimeongeza kisanduku kingine, "sifuri au tupu". Karatasi ya bei sasa inaandika chini yake kwamba kodi itakuwa ile ya siku ya kulipa. Mzee, ambaye siku hizi amemwachia binti yake duka lakini huja kukaa kwenye kiti cha mlangoni, aliniita akauliza, "Sasa hii mpya inajua?"

Nikamwambia, "Haijui, mzee. Lakini sasa inauliza."

"Hiyo ni afadhali," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Haya, tutaonana tena. Wiki ijayo, stima ikiruhusu, nitaeleza jinsi nilivyolijenga jedwali lenyewe. Alamsiki.